Mzio wa pua: J30.4, J30.9 au J31.0? Madai yanarudi

mrekodi_pemba

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Naomba msaada wa wale wanaoshughulika na misimbo ya magonjwa (wengi wetu tunaiita "kodi", mpaka asiyejua anadhani tumehamia mamlaka ya mapato). Suala ni mzio wa pua. Rejesta ya wagonjwa wa nje ina maandishi ya kila namna kwa kitu ninachokiona ni kimoja. Daktari mmoja kaandika "mzio", mwengine "rinitisi" (uvimbe wa ndani ya pua), mwengine "aleji ya pua", mwengine "URTI" (maambukizi ya njia ya juu ya hewa), na wapo wanaoandika "flu" wakamwita mgonjwa wa pili. Dawa ni zile zile, setirizini (dawa ya mzio) na ya kupuliza puani. Mimi ndiye wa kutia msimbo, na madai ya malipo tunayopeleka kwa mlipaji (bima) yanarudi: ama "msimbo batili", ama "dawa hailingani na ugonjwa".

1. J30.4 au J30.9? Zote nimezikuta kwenye intaneti na zote zinaelezwa kuwa rinitisi ya mzio isiyobainishwa.

2. Daktari akiandika "rinitisi" peke yake, naweza kuweka J30.4 kwa kuwa dawa aliyoandika ni ya mzio?

3. Mgonjwa mwenye pumu ambaye pia ana mzio wa pua: msimbo mmoja au miwili?

4. Na hili la kwetu. Msimu wa karafuu wanakuja wachambuaji na waanikaji, chafya mfululizo, macho mekundu. Karafuu ni ua, basi naweka J30.1 ya chavua?

msimbo_unguja

Waalaykum salaam. La kwanza ni jepesi: umechanganya vitabu viwili.

ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa) ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ina J30.0 hadi J30.4, basi. J30.0 ni rinitisi ya vasomota (pua inachokozwa na harufu au moshi, bila mzio), J30.1 ni ya mzio wa chavua, J30.2 ni nyengine za msimu, J30.3 ni nyengine za mzio (ya mwaka mzima imo humu), J30.4 ni ya mzio isiyobainishwa. J30.9 haimo kabisa. Hiyo inatoka ICD-10-CM, toleo ambalo Marekani walilirekebisha kwa matumizi yao, na huko mambo yamegeuka: J30.3 na J30.4 ndizo zisizokuwepo. Wao wana J30.5 ya chakula, J30.81 ya manyoya na magamba ya ngozi ya wanyama, J30.89 ya nyenginezo, na J30.9 ya isiyobainishwa. Ukitafuta kwenye Google kurasa za mwanzo karibu zote ni za Marekani, maana huko msimbo ni biashara. Hapo ndipo watu wanapoteleza.

Kujua programu yenu imewekewa jedwali lipi, andika J30 kwenye kisanduku cha kutafutia. Orodha ikikoma J30.4 ni ya WHO. Ikileta J30.81 ni ya Marekani. Thibitisha na J45: ya WHO ina J45.0, J45.1, J45.8 na J45.9 tu, ya Marekani inamwaga msururu wa tarakimu, J45.20, J45.909 na ndugu zake. Kituo kikitumia jedwali moja na mlipaji akasoma kwa jengine, dai halali kabisa litarudi na neno "batili", na wewe utashinda ukitafuta kosa kwenye faili ambako halimo.

La pili: hapana. Msimbo unafuata maneno ya tabibu, haufuati dawa. Setirizini inaandikwa pia kwa ngozi inayowasha. Dawa si ushahidi wa ugonjwa. Na ukifuata faharisi ya kitabu cha misimbo neno kwa neno utaona kwa nini madai yako yanaonekana kama ya watu watano tofauti. "Rinitisi" bila neno jengine inakwenda J31.0, yaani rinitisi sugu. "Rinitisi ya ghafla" na "mafua" zinakwenda J00. "Mzio" peke yake, bila kutaja pua, unakwenda T78.4, kapu la mzio usiojulikana ni wa wapi. "URTI" ni J06.9. "Sainasi" bila kusema ya ghafla inaangukia J32.9, kwenye zile sugu, hata kama mgonjwa kaumwa siku 3.

Na "flu" ndiyo mbaya kuliko zote. Inakwenda J11, homa ya influenza ambayo kirusi chake hakikutambuliwa. Daktari alikusudia mafua ya kawaida au mzio, lakini kwenye ripoti ya mwezi anayesoma ataona influenza imepanda katika wilaya yenu. Mwambieni aandike anachokusudia.

Jambo moja la kukupoza: J30.4 si dhambi. Ziara ya kwanza, mgonjwa hajui kinachomchokoza, tabibu kaandika "rinitisi ya mzio", basi J30.4 ndiyo sahihi yake. Dhambi ni kubaki J30.4 ziara ya nne.

tabibu_wa_pua

Msimbo_unguja kamaliza upande wa kitabu. Mimi naongeza upande wa anayeshika kalamu, kwa sababu karani hawezi kuvuna asichopandiwa.

Mzio wa pua unatambuliwa kwa maelezo na kwa kuangalia pua. Hauhitaji kipimo cha ngozi wala cha damu ndipo uandikwe au utibiwe. Kwa hiyo maelezo ndiyo ushahidi, na yasipoandikwa hakuna ushahidi. Ninayotaka kuyaona kwenye kadi: kuwashwa (pua, macho, kaakaa), chafya za mfululizo, kamasi nyepesi kama maji, kuziba, na kama ni pua zote mbili. Kuwashwa ndiko kunakotofautisha zaidi. Mtu anayeziba na kutiririka kila anapofukiziwa udi au kunusa mafuta ya taa, lakini hawashwi hata kidogo na macho yake hayana neno, anaelekea zaidi vasomota, J30.0, na dawa za vidonge za mzio mara nyingi hazimfaidishi sana. Kisha kioo cha pua: nyama za pembeni zimevimba na ni za rangi iliyopauka au ya kibuluu, au nyekundu zenye usaha? Mstari mmoja unatosha, lakini uwepo.

Halafu muda. Mwongozo wa ARIA (mwongozo wa kimataifa wa mzio wa pua na uhusiano wake na pumu) unagawa hivi: ikimsumbua chini ya siku 4 kwa wiki, au chini ya wiki 4, ni ya vipindi, ikizidi siku 4 kwa wiki na pia wiki 4 mfululizo, ni ya kudumu. Ukali nao una maswali manne: inaharibu usingizi? inazuia shughuli na michezo? inaathiri kazi au skuli? dalili zenyewe zinakera? Likijibiwa "ndiyo" hata moja, si nyepesi tena, ni ya wastani hadi kali. Angalieni kwamba mgawanyo huu hauna msimbo wake katika J30. "Ya kudumu" ya ARIA haimaanishi "ya mwaka mzima" ya J30.3, mtu anaweza kuwa na ya kudumu ya wiki 6 tu. Karani asitafsiri moja kuwa nyengine. Lakini ARIA ndiyo inayoeleza kwa nini umempa dawa ya kupuliza badala ya kidonge peke yake, na pale mlipaji anapouliza kuhusu dawa, jibu liko hapo.

Mfano wa maandishi yanayotosha (kwa Kiingereza utaratibu ni ule ule):

"Chafya mfululizo, kuwashwa pua na macho, kamasi ya maji pua zote, miezi 8, karibu kila siku, huzidi alfajiri na anapokung'uta godoro la sufi. Analala vibaya. Hana homa, usaha wala damu. Hana pumu, kifua safi. Nyama za pua zimepauka na kuvimba pande zote, ukuta wa kati umenyooka, hakuna vinyama. Rinitisi ya mzio ya mwaka mzima, ya kudumu, wastani hadi kali. Unashukiwa utitiri wa vumbi."

Hiyo ni J30.3 bila ubishi. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na utitiri unaupenda, kwa hiyo ningetegemea J30.3 iwe nyingi visiwani kuliko J30.1. Rejesta iliyojaa J30.1 ningeitilia shaka. Mara nyingi mtu kachagua mstari wa juu kwenye orodha.

msimbo_unguja

Hapo kwenye "unashukiwa" pana mtego mwengine wa vitabu viwili. Kanuni ya WHO: ziara ikiisha na utambuzi bado ni wa kushukiwa, na hakuna taarifa nyengine zaidi, unawekewa msimbo kana kwamba umethibitika. Kanuni ya Marekani kwa wagonjwa wa nje ni kinyume, "huenda" na "inashukiwa" haziwekewi msimbo, unarudi kwenye dalili. Aliyejifunzia kwenye video za Marekani atakuwekea R06.7 ya chafya na kuuacha mzio.

rejesta_na_kalamu

Naomba niingie kwenye pumu, kwa sababu hapa wengi wanabishana.

Chini ya J30 kitabu cha WHO kimeandika kwamba rinitisi ya mzio iliyo pamoja na pumu imetolewa humo, na kinakuelekeza J45.0, pumu ambayo zaidi ni ya mzio. Chini ya J45.0 imo "rinitisi ya mzio pamoja na pumu". Yaani msimbo mmoja umebeba vyote viwili. Ukiweka J30.3 na J45.9 pembeni yake umefanya makosa mawili kwa mpigo: umeitenga pua, na umeifanya pumu isiyojulikana aina wakati maandishi yanasema ni ya mzio.

tabibu_wa_pua

Nakubali kitabu, ila kuna tatizo kwenye malipo. Mgonjwa wa pumu iliyotulia, kaja kwa sababu ya pua tu, kapewa dawa ya kupuliza puani. Msimbo ukiwa J45.0 peke yake, anayekagua anaona dawa ya pua kwenye ugonjwa wa kifua, anarudisha. Ndiyo maana watu wanaweka miwili.

rejesta_na_kalamu

Wanaweka miwili ili walipwe, si kwa sababu kitabu kimesema. Dawa yake ni maneno: kwenye sehemu ya utambuzi iandikwe "pumu ya mzio pamoja na rinitisi ya mzio, ziara hii ni kwa ajili ya pua", kisha J45.0. Dai likirudi unajibu kwa sentensi hiyo. Na kama mlipaji ana maelekezo ya maandishi yanayotaka misimbo miwili, fuata ya mlipaji na uhifadhi nakala yake kwenye jalada. Kusikia kwa mdomo hakutoshi. Akibadilika afisa, umebaki peke yako.

Karafuu sasa. J30.1 hapana. Karafuu inachumwa ikiwa tumba, kabla ua halijafunguka, na kinachopeperuka kwenye majamvi wakati wa kuchambua makonyo na kugeuza ni vumbi la karafuu kavu, si chavua. Tabibu akiandika "rinitisi ya mzio ya msimu" bila kutaja chavua, ni J30.2. Akiandika "rinitisi ya mzio kutokana na vumbi la kazini", ni J30.3. Kama katamka kuwa inatokana na kazi, ongeza Y96, hali inayohusiana na kazi. Kwa kumbukumbu ya kukaa kwenye vumbi kazini ipo pia Z57.2. Hizi ni za kuongezea, zisitangulie kamwe.

Ila kabla ya hapo tabibu ajibu swali ambalo karani hawezi: ni mzio au vumbi tu linachoma? Vumbi jingi litampigisha chafya mtu yeyote. Maswali ya kuandika majibu yake: anawashwa? inapungua siku asizofanya kazi, na inarudi akirudi? dalili zilianza msimu wa kwanza au baada ya misimu kadhaa (mzio huhitaji muda mwili uzoee kukikataa kitu)? na karafuu zilinyeshewa? Zilizolala na unyevu huota ukungu, na ukungu ni mchokozi wa mzio kwa haki yake.

mrekodi_pemba

Allah awalipe kheri. Nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. Nina kadi mbili hapa mezani, bila majina.

Ya kwanza: mtoto wa miaka 4, ziara ya tatu ndani ya mwezi, kila mara "mzio wa pua, setirizini". Muuguzi wa mapokezi kaandika juu: kamasi pua ya kulia, ina harufu.

Ya pili: mtu mzima, kuziba pua miezi 3, anatumia matone ya zailometazolini kila siku, kanunua mwenyewe. Utambuzi: "rinitisi". Naweka J31.0 nimalize?

tabibu_wa_pua

Ya kwanza usiitie msimbo leo. Mzio ni wa pua zote mbili. Mtoto mdogo, pua moja, harufu: mpaka ithibitike vyengine, kuna kitu kimeingizwa, punje ya mahindi, kipande cha sponji, shanga. Ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya toi, inaunguza ukuta wa pua ndani ya saa chache tu, haingoji miadi. Kwa kuwa huyu ana wiki kadhaa betri si ya kwanza kufikiriwa, lakini aangaliwe leo hii. Kikipatikana kitu, msimbo ni T17.1. Kwa mtu mzima, upande mmoja wenye damu au kuziba kusikofunguka ni rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Na maji mepesi upande mmoja baada ya kuumia kichwa yanaweza kuwa maji ya ubongo, G96.0, wala si mafua.

Ya pili ni jambo linalopotea sana kwenye rejesta. Matone ya kufungua pua yakipita siku 5 hadi 7 mfululizo, pua inazoea. Dawa ikiisha nguvu inaziba zaidi ya mwanzo, mtu anaongeza tena. Tabibu akiandika "rinitisi iliyosababishwa na matone ya pua", ni J31.0 pamoja na Y55.5, madhara ya dawa za mafua zilizotumiwa kitabibu. Bila maneno hayo ni J31.0 kavu, na hakuna atakayejua kwamba tiba yake ni kuyaacha matone.

msimbo_unguja

Nyongeza juu ya namna ya kuirudisha kadi kwa daktari, maana makarani wengi wanaogopa, au wanafanya vibaya. Usiulize "nikuandikie mzio ili dai lipite?" Hilo ni kumtia maneno mdomoni, na likikaguliwa ni kosa la wote wawili. Uliza swali lililo wazi: "Utambuzi umeandikwa rinitisi. Tafadhali bainisha aina na sababu kama inajulikana." Ajibu yeye kwa mkono wake. Akirekebisha, apige mstari mmoja juu ya neno la zamani ili lisomeke, aandike jipya, tarehe na saini. Wino mweupe wa kufutia usiguse kadi ya mgonjwa.

Na lile la "dawa hailingani" mara nyengine si msimbo, ni hesabu. Chupa ya flutikasoni (dawa ya kupuliza puani) ya mikrogramu 50 yenye mipulizo 120: mtu mzima anapuliza mara 2 kila pua kwa siku, jumla 4, chupa inamaliza siku 30. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 kwa kawaida ni mpulizo 1 kila pua, jumla 2, siku 60. Chupa mbili kwa mwezi zitarudi hata msimbo uwe sahihi namna gani.

tabibu_wa_pua

Na andikeni kama mgonjwa alionyeshwa namna ya kupuliza: kichwa kiinamishwe kidogo mbele, mkono wa kulia kwa pua ya kushoto na wa kushoto kwa ya kulia, ncha ielekee upande wa nje, mbali na ukuta wa kati. Anayeupulizia ukuta hurudi anatoka damu, na hapo unaongeza R04.0 kwenye kadi ambayo haikuihitaji. Aambiwe pia kwamba nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa, hata wiki 2. Wengi wanaorudi siku ya nne wakisema "haifanyi kazi" huandikiwa dawa mpya, utambuzi mpya na msimbo mpya, kumbe ya kwanza haijapewa nafasi.

mrekodi_pemba

Mtoto amerudishwa kwa daktari, wanamuangalia sasa hivi. Na nimejaribu lile la kisanduku: programu yetu imeleta J30.81 na J30.89. Kumbe tatizo lilikuwa humo humo. Madai ya nyuma niyafanyeje?

msimbo_unguja

Mtake anayeihudumia programu abadilishe jedwali lote, msirekebishe mistari kwa mikono. Yaliyorudishwa: J30.9 inakuwa J30.4, J30.5, J30.81 na J30.89 zote zinakuwa J30.3, J30.0, J30.1 na J30.2 zina maana ile ile pande zote mbili, usiziguse. Penye J45 soma kadi kwanza: J45.909 ni J45.9 kama kilichoandikwa ni "pumu" tu, na ni J45.0 kama pua ya mzio imetajwa pamoja nayo. Yaliyokwisha kulipwa yaache, ila yaorodheshe pembeni kwa tarehe, mkaguzi akiuliza uwe na karatasi mkononi.